Mpige Picha Kabla Hujamsaga

Wadogo zangu wa maabara, nimewavumilia vya kutosha. Mwenzenu karudi kutoka mikoko ya Gazi, pwani ya Kenya, na ndoo ya tope tulilotaka kutafutia wanyama wadogo sana, lote kalizamisha kwenye formalini, halafu ananiuliza DNA tutatoa lini. Haya, sogeeni.

1. Formalini inalinda umbo la nematodi, minyoo wadogo sana wa topeni, vizuri mno, lakini DNA inaifungamanisha na protini na kuikatakata. PCR yako, yaani kunakili DNA kwa mashine, itatoka jeli tupu, bila alama yoyote ya DNA. Tope la darubini weka formalini ya asilimia 4, la DNA weka ethanoli ya asilimia 96. Ukiwa na DESS, mchanganyiko wa DMSO, EDTA na chumvi, hiyo inafaa kwa yote mawili.

2. Lebo ni penseli, karatasi ngumu, ndani ya chupa. Wino na ethanoli havijawahi kupatana.

3. Chekeche la milimita 1 juu, la mikromita 38 chini. Kabla ya Ludox, kimiminika kizito cha kuwaeleshea wanyama watengane na tope, suuza chumvi yote kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo Ludox inaganda na wanyama wako humo humo.

4. Usimsage mnyama kutoa DNA kama hujamtazama. Hapa mnisikilize, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia. Nikiwa uzamili nilikuwa nachambua tope la chini ya mikandaa, sindano mkononi, macho yamechoka. Akapita mnyoo mfupi, mnene, mwili wote pete pete, kila pete imejibandika chembe za tope hadi unadhani ni kiwavi. Desmoscolecidae huyu, familia ya nematodi wenye pete, nikajisemea, ila vinyweleo vyake havikukaa pale ninapovijua. Kamera ilikuwa juu ya darubini ile ile, ni kubonyeza tu. Lakini sahani ya PCR ilikuwa bado haijajaa na zamu yangu ya mashine ni jioni hiyo. Nikamtumbukiza kwenye bufa, kimiminika cha kuyeyushia mwili DNA itoke, nikaandika "Desmo?" daftarini, nikaendelea na mwingine.

Sikwensi za 18S, yaani mpangilio wa herufi za DNA wa jeni tunayotambulia wanyama, ziliporudi, yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, na kwenye GenBank, hazina ya sikwensi za dunia, hakuna iliyoikaribia. Nikaenda kwa madaha hadi mlangoni kwa msimamizi wangu: Prof, nina spishi mpya! Akaitazama karatasi, akauliza, "Mwili uko wapi?"

Mwili ulikuwa umeshayeyuka ndani ya mikrolita 20 za bufa. Picha hakuna, mchoro hakuna, urefu wa mkia hakuna; hata kama ni dume au jike sikuangalia. Nilirudi chini ya mikandaa ile kila bamvua, maji yakipwa tu nimo, nikachekecha mpaka mafundi wa maabara wakaanza kunihurumia. Sikumpata. Kwenye tasnifu yangu ni OTU, kundi la sikwensi lisilo na jina la spishi, yenye namba, mstari mmoja wa kiambatisho, na ukurasa huo mpaka leo naupita haraka.

Kwa hiyo: slaidi ya muda, lenzi ya 100 na mafuta, picha za kichwa, tundu la mdomo, mkia, na spikula, vijisindano vya kujamiiana, akiwa dume. Kisha mtoe umsage. Mwenye mkono mtulivu amkate: kichwa na mkia kwenye gliserini, kiwiliwili kwenye PCR. Na msinizungushe eti muda hamna.

5. Idadi ya sikwensi si idadi ya vichwa. Jana nimeletewa faharasa ya Shannon, kipimo cha utofauti wa spishi, iliyokokotolewa kana kwamba kila sikwensi ni mnyama mmoja! Kopepodi, kijikrasteshia cha majini, mmoja mkubwa ana nakala za 18S za kufunika nematodi wengi wadogo. Tena 18S huunganisha spishi zilizo karibu. COI, jeni nyingine, inazitenganisha, ila praima za Folmer za 1994, vipande vya DNA vya kuanzishia PCR yake, hukosa nematodi wengi. Wazee wa darubini nao wasicheke: Brachionus plicatilis, rotifa mdogo wa majini, tulimwita jina moja miaka nenda rudi, DNA ikaonyesha ni kundi la spishi zipatazo 15.

6. Chupa ya kontroli, ya kukamata uchafu wa nje, isiyo na tope ipite hatua zote, kuanzia kwenye chekeche, si kwenye PCR pekee. Ukimkuta Homo sapiens kwenye orodha ya wanyama wa mikoko, huyo ni wewe. Vaa glovu.