Kabla ya kuchanganya dawa za kushika mimba, uliza kila kidonge kinafanya nini

Nilipoambiwa nina PCOS, tatizo la homoni linalozuia mayai kupevuka vizuri, hedhi yangu ilikuwa inakuja mara nne kwa mwaka, tena ikipenda. Shoga yangu akanitajia Clomid, dawa ya kupevusha mayai, nikainunua duka la dawa kama mtu anayenunua Panadol. Miezi mitatu nilimeza bila kipimo hata kimoja. Kama yai lilipevuka, Mungu ndiye ajuaye.

Daktari niliyemwona baadaye alinigombeza kwanza, kisha akaniongezea metformini, dawa ya kisukari. Nikashangaa, maana sina kisukari. Akanieleza kwamba wengi wetu wenye tatizo hili mwili hauitikii insulini vizuri. Insulini ikijazana, ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi na mayai hukwama bila kukomaa. Sawa, nimeelewa, lakini tumbo! Wiki mbili niliishi chooni. Ukiandikiwa, omba uanze na dozi ndogo, na umeze pamoja na chakula.

Tena usiitegemee peke yake. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliohusisha wanawake 626, waliojifungua kwa metformini pekee walikuwa asilimia 7.2, Clomid pekee 22.5, zote mbili 26.8. Hiyo nyongeza ya mwisho ni ndogo. Watafiti hawakuthubutu kusema mchanganyiko umeshinda.

Kwangu mambo yalibadilika na letrozoli. Muuzaji aliisoma karatasi akasema, "Dada, hii si ya saratani ya matiti?" Nilirudi nyumbani nalia. Kumbe ni kweli, ila hapa inamezwa siku tano tu: estrojeni inashuka, ubongo unashtuka na kutuma homoni ya kukuza mayai. Utafiti wa 2014 kwa wanawake 750 uliipa asilimia 27.5 ya waliojifungua, Clomid 19.1. Siku hizi ndiyo inayopendekezwa kwanza.

Wapo waliojaribu letrozoli na Clomid kwa pamoja, 2019: asilimia 77 walipevusha yai, dhidi ya 43 wa letrozoli pekee. Walikuwa wanawake 70 tu, na daktari wangu akasema bado mapema. Nilimsikiliza, maana dawa hizi zinaweza kukupa mapacha au kuvimbisha ovari; ndiyo maana ya ultrasaundi katikati ya mzunguko.

Na mume apimwe mbegu kabla hujameza chochote. Wangu aligoma miezi miwili, akaenda siku nilipompangia mezani risiti zangu zote.