Götheborg ikitia nanga mjini kwako, usiishie kupiga selfi

Wadau wa Ulaya, hii merikebu ya Waswidi inazunguka bandari kibao na kila ikifika mtu ananiuliza kama kiingilio kinalipa. Mimi niliingia ilipokuja London Agosti 2022, pale Canary Wharf, na jibu langu ni ingia, ila ujue unaenda kuangalia nini.

Götheborg ya zamani ilitoka Canton, yaani Guangzhou ya leo kule China, imejaa chai, hariri na vyombo vya kaure, safari ya miaka miwili na nusu, afu Septemba 1745 ikapanda mwamba mlangoni kabisa mwa bandari ya kwao, nyumbani wanaiona! Hii ya sasa ni ya kuiga, imeshushwa majini 2003, na ilipofika Guangzhou 2006 mfalme wa Sweden mwenyewe alikuwepo. Ndo kazi ya hii meli, kuitafutia Sweden marafiki na biashara, kwa hiyo jioni nyingine sitaha inafungwa kwa hafla za wakubwa, cheki ratiba kabla hujapanda treni.

Ukishaingia shuka chini kwenye mizinga, maana wengi wanazunguka juu wanatoka. Ngazi zimesimama wima kwelikweli, kigari cha mtoto kiache gatini. Kule chini panabana, panatoka harufu ya lami na kamba, na usiku mabaharia wananing'iniza vitanda vya turubai katikati ya mizinga wanalala hapohapo. Chini zaidi kuna injini. Jamaa mmoja nyuma yangu akaanza kulalamika eti feki, mi sioni shida, bandari gani leo itakuruhusu uingie na upepo peke yake? Na Aprili 2023 kuna wenzetu walivunjikiwa usukani na kijimashua chao karibu na Brittany kule Ufaransa, wakaomba msaada kwa redio, ikaja hii na milingoti yake mitatu ikawavuta hadi Paimpol.

Afu ongea na mabaharia, yaani hapo ndo utamu ulipo. Tafuta anayefanya kazi. Mimi nilimkuta dada anapaka kamba lami, viganja vimekuwa vigumu kama vya mvuvi wa kwetu, akanionyesha kamba inavyofungwa kwenye kigingi na ipi usiiguse ovyo, kumbe yuko pale kwa kulipa mwenyewe! Zamu masaa manne, mapumziko masaa manane, mchana na usiku. Waulize pia fedha ya kununulia ile chai ilitoka wapi, watakupeleka hadi Cádiz, bandari ya Hispania, kwenye madini ya fedha ya Wahispania yaliyochimbwa Amerika, maana Wachina bidhaa za Ulaya walikuwa hawana habari nazo sana.

Ukitamani kusafiri nayo, nafasi za kujitolea huwa zinatangazwa, na uzoefu wa bahari sio lazima. Ila kama pasi yako sio ya Ulaya, angalia viza ya bandari utakayoshukia kabla hujalipa hata senti.