Popobawa: kipi kweli, kipi maoni?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mamangu mkubwa alikuwa Unguja 1995 anaapa Popobawa, lile pepo linalosemwa huvamia watu usiku, alimkalia kifuani, mjomba anasema upuuzi mtupu. Nimwamini nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usimwite mamako muongo. Kwamba mwaka ule watu Pemba na Unguja walihama vyumbani wakalala nje wamekusanyika, hiyo ni kweli, na kuna mtu aliuawa na kundi la watu wakidhani ndo Popobawa, kweli pia na inauma. Kwamba mamako alishindwa kujigeuza akahisi uzito kifuani, huo ni ushahidi wake, mimi naupokea. Ila "alikuwa Popobawa" hapo sasa ni tafsiri, maana jinamizi linafanya hivohivo, akili imeamka mwili bado umelegea kwa usingizi wa ndoto, na ukilala umejaa hofu ya kitu chenye jina basi utakiona na jina lake. Mtafiti Mmarekani Joe Nickell naye alisema ni jinamizi, mi nakubaliana nae, lakini hakuwepo chumbani kwa mamako. Muulize tu: alimuona, au alimhisi?