Huyo kijana wa simu ni wa Sutherland

Hapana, umemueleza huyo kijana mwizi wa simu kwa nadharia ya Merton, mwanasosholojia wa Marekani, na hapo umemlazimisha tu. Nadharia yake ya 1938 ni ya mtu anayetaka mali kama wengine na njia halali zimefungwa, sasa huyo kijana wako wa Malindi kwa ulivyomueleza mwenyewe babake ana duka na yeye alikuwa na kazi kwenye boti za watalii, akaanza kuiba simu baada ya kuhamia ile maskani ya wakubwa, wakamfunza kutoa laini haraka, wakamuonyesha fundi anayenunua bila maswali na wakamtia ule usemi wa "mtalii si ana nyingine kwao". Huyo ni Sutherland mtupu, yule mtaalamu wa masuala ya uhalifu. Toleo la 1947 la nadharia yake linasema uhalifu hufunzwa ndani ya kundi la karibu, mbinu pamoja na visababu vya kujitetea, na hicho cha pili ndo wanafunzi hukiruka kila mwaka (nasahihisha hizi asaimenti kwa hivyo nayajua), wanaandika "marafiki wabaya" wanamaliza, kumbe Sutherland anaangalia pia umeanza nao ukiwa na umri gani, mara ngapi, muda gani, na unawaheshimu kiasi gani.

Ila hatakusaidia kueleza mbona nduguye aliyekaa maskani hiyohiyo hakuiba. Hapo mlete Hirschi, 1969, anayesema kinachomzuia mtu asihalifu ni kushikamana na jamii, uangalie nani alikuwa bado ameshikamana na mamake, kazi na madrasa.