Mzani, malipo na meseji: kolibeki au chaneli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu kwa lugha ya Go kwa ajili ya kituo cha kukusanya maparachichi hapa Tukuyu. Mzani ukisoma kilo, kolibeki (kipande cha programu kinachoitwa tukio likitokea) ya kwanza inaongeza kwenye jumla ya mkulima. Ndani yake kuna ya pili inayoomba malipo ya simu. Ndani ya hiyo, ya tatu inayotuma meseji. Siku za mzigo mwingi jumla haziendani na stakabadhi, na wapo wanaolipwa mara mbili. Rafiki yangu anasema nikihamia kwenye chaneli, yaani njia za kupitishia ujumbe kati ya sehemu za programu, yote yataisha. Ni kweli?
Kijana wa Rungwe

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako kasema nusu ya ukweli, tuanze na hiyo.

Jumla zinaharibika kwa sababu kolibeki zako zinaitwa kutoka gorutini tofauti, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, na kila moja inagusa namba ileile. Kreti mbili za mkulima mmoja zikifuatana haraka, zote zinasoma 40. Moja inaandika 58, nyingine inaandika 60 juu yake. Ilipaswa kuwa 78. Dawa ni jumla kuwa na mwenyewe mmoja: gorutini moja inayozunguka kwenye select (amri ya Go ya kungojea chaneli kadhaa kwa pamoja), ikipokea vipimo kwa chaneli moja na majibu ya malipo kwa nyingine. Wengine wote waipelekee ujumbe tu. Wazo hili mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliliandika mwaka 1978, na Go, iliyotangazwa 2009, ikalichukua.

Malipo yasifanyike ndani ya mzunguko huo. Mtandao ukisuasua, mzani nao utasimama na foleni ya wakulima itakutazama wewe. Yape gorutini yake. Ila hapa ndipo wengi hunasa: mzunguko unangoja gorutini ya malipo ipokee ombi, nayo inangoja mzunguko upokee jibu, programu nzima inaganda. Basi maombi yasubiri kwenye orodha, na kutuma kuwe tawi mojawapo la select, ili usiache kupokea eti kwa kuwa unangoja kutuma. Tena, chaneli kadhaa zikiwa tayari kwa pamoja, select huchagua kwa bahati nasibu. Usijenge hesabu juu ya mpangilio usiokuwepo.

Sasa nusu ya pili. Kulipa mara mbili hakuponi kwa chaneli. Jibu lilichelewa, programu ikatuma ombi upya, basi. Kila kreti iwe na namba ya stakabadhi, na ombi la namba iliyokwishalipwa likataliwe.

Bafa, yaani nafasi ya ujumbe kusubiri ndani ya chaneli, nayo ni kibaraza, si ghala: umeme ukikatika, vilivyomo vimepotea. Andika kipimo kwenye hifadhidata kwanza, ndipo ukitume.

Na anayefunga chaneli awe mtumaji. Ukituma kwenye iliyofungwa, programu inaanguka. Ukipokea kutoka humo unapata sifuri, na mkulima anaandikiwa kilo 0 bila mtu kushtuka. Soma ile thamani ya pili inayokuambia kama chaneli bado iko wazi. Skrini na meseji zisisikilize chaneli moja pia, maana kila ujumbe humfikia mpokeaji mmoja tu.

Kitufe cha kuchapa stakabadhi kiache na kolibeki yake, hakina ugomvi na mtu. Kabla ya kupeleka programu kituoni, iendeshe kwa -race, chaguo la Go la kunasa migongano ya namna hii, huku ukiimwagia vipimo vya uongo. Itakutajia mstari ambao gorutini mbili bado zinagombania jumla.