Kompyuta ya mama mdogo na mayai ya mjusi

Mama mdogo ana steshenari maeneo ya Majengo, hapa Moshi. Kila asubuhi akifungua tu mlango, anabonyeza kitufe cha kompyuta, halafu anafagia, anamwagia maji vumbi la mbele ya duka, anapiga soga na jirani wa vipodozi, na akirudi ndani kile kiduara bado kinazunguka. Mafundi wawili walishamwambia imezeeka, anunue nyingine. Alinipigia simu siku ambayo kijana wa skrepa alikuwa ameshasimama mlangoni na mizani yake.

"Baba, huyu ananipa elfu kumi. Nimpe?"

"Shikamoo mama. Usimpe. Nakuja Jumamosi."

Ni Dell OptiPlex 780, zile za mwaka 2009 na 2010, prosesa ya Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) 2GB, na juu yake kapigiwa Windows 10. Prosesa ya namna hiyo bado inaandika barua, inafungua tovuti na kuchapa bila kulalamika. Kinachoitesa ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohangaika huku na huku kutafuta data, na RAM ikijaa mfumo unaanza kuazima nafasi kwenye hiyo hiyo diski. Ukisikia kompyuta inakoroma krr krr na wewe hujagusa kitu, ndicho kinachoendelea humo ndani.

Watu wakitaka kufufua kompyuta ya zamani hukimbilia Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, lakini ushauri wangu wa kwanza hauhusu Linux kabisa: nunua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka. Ya 120GB tuliipata kwa 50,000, tukaongeza RAM ya mtumba tukafika 4GB. Ukiwa na hela ya kimoja, anza na SSD. Nimeona watu wanahangaika wiki nzima kutafuta Linux nyepesi kuliko zote duniani huku diski imeshachoka. Hiyo ni kumbadilishia mgonjwa shuka.

Windows 11 kwenye mashine hizi usiiwaze. Inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za miaka ya karibuni, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Zilikuwepo njia za kuilazimisha iingie, ingawa matoleo yake mapya (24H2 kuendelea) hayawaki kabisa kwenye Core 2 Duo. Mimi sijawahi kumpigia mtu hivyo, kwa sababu sasisho likija likaharibu kitu, simu ya saa nne usiku inakuja kwangu.

Tulipofungua boksi tulikuta mayai mawili ya mjusi, meupe, madogo kama njegere, yamegandia pembeni ya pawasaplai. Feni ya prosesa ilikuwa imevikwa vumbi zito kama blanketi. "Yesu na Maria," mama mdogo akasema, "kumbe nafuga!" Vumbi la Moshi wakati wa kiangazi mnalijua wenyewe. Kwa kazi hii natumia brashi ya rangi ya inchi moja, mpya na kavu. Feni naishika kwa kidole isizunguke ninapopuliza. Nikafuta grisi iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka nyingine kiasi cha punje ya mchele. Na betri ya duara, CR2032, nikabadilisha. Watu wanaidharau hiyo betri, lakini ikifa, kila ukichomoa umeme kompyuta inarudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, halafu tovuti zinagoma kufunguka kwa kudai si salama. Nimeshaitwa mara tatu kurekebisha "intaneti mbovu" ambayo ilikuwa saa tu.

Sasa lile linaloniuma. Miaka kadhaa nyuma mwalimu mmoja jirani yangu aliniletea mashine yake nimpigie mfumo upya. Nikamuuliza kama kuna kitu cha kutunza. "Hakuna kitu humo, we piga tu." Nikapiga. Kwenye hatua za kusakinisha nikachagua kufuta diski yote. Jioni akaniuliza picha za msiba wa mama yake ziko wapi. Zilikuwa kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski. Kichwani mwake "humo" ilikuwa ile skrini ya mbele yenye vialama, na pale kweli hapakuwa na kitu. Nilikesha na PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa mafaili yaliyofutwa. Baadhi zikarudi bila majina, zimechanganyika na vipicha vya matangazo ya tovuti, tukazichambua moja moja kama mchele wenye mawe. Nyingine hazikurudi. Mwalimu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Tangu siku hiyo siulizi "una kitu humo?" Namwambia mwenye kompyuta akae, afanye kazi zake kama siku zote, mimi nakaa pembeni na daftari. Na diski ya zamani ikitoka, siifuti. Naifunga kwenye bahasha, naandika tarehe, namkabidhi mwenyewe aiweke kabatini miezi mitatu.

Daftari la mama mdogo lilikuwa hivi: barua na CV, maombi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo ya HESLB msimu ukifika, Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini, kuchapa kazi za wanafunzi, na kadi za mchango wa harusi. Karibu zote ni kivinjari na kuandika, na hapo Linux haina shida. Kadi ndizo zilizonipa mawazo, maana anazitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, inaweza kufungua mafaili ya Publisher, ni kweli, ila kadi ya kwanza tuliyoijaribu maua yalihamia juu ya jina la bwana harusi. Sikubishana na hali. Binti yake ana kompyuta mpakato yenye Windows, kadi zikahamia huko. Ukiona mtu anategemea Publisher, Photoshop au programu fulani ya mahesabu, usimdanganye kwamba "kuna mbadala wake". Mwachie hiyo Windows mahali fulani.

Linux ziko nyingi, sasa ipi ya kusakinisha? Mimi nina msimamo na sitaki ligi. Mashine ya 4GB naweka Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi: menyu iko chini kushoto, saa kulia, mtu aliyezoea Windows 7 hapotei. Ya 2GB naweka Lubuntu au antiX, Linux nyepesi zaidi. Zile za kale zenye prosesa ya biti 32 Mint ya kawaida haiingii, hapo antiX ya biti 32 inasaidia, ingawa ukifungua YouTube utajuta. Na ukishachagua, tulia. Kijana mmoja wa Pasua alibadilisha mifumo minane kwa mwezi na hajaandika hata barua moja.

Faili la Mint linakaribia 3GB, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku, liingize kwenye flashi ya 8GB kwa Rufus, programu ya bure ya Windows ya kutengeneza flashi ya kusakinishia, halafu washa kompyuta kutokea kwenye flashi. Kwa Dell unabonyeza F12 mara tu inapowaka, kwa HP mara nyingi F9. Mfumo utafunguka ukiwa kwenye flashi tu, diski haijaguswa. Hapa ndipo watu wanaharakisha. Usiharakishe! Cheza muziki, unganisha waifai, chomeka printa, fungua faili halisi la mwenye kompyuta. Waifai ikikataa, chomeka simu kwa waya wa USB uipe kompyuta intaneti ya simu, halafu fungua kile kisehemu cha kutafuta draiva (programu ya kuendesha kifaa). Mara nyingi inajipata yenyewe.

Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Hizi leza ndogo zilizojaa kwenye steshenari, nyingine draiva zake za Linux ni za kubembeleza. Ya mama mdogo ilikula Jumamosi mbili, na mpaka leo karatasi ikikwama inabidi kuizima na kuiwasha. Ningejua ningeijaribu kabla ya kusifia.

Kitu kingine kidogo, fonti. Barua ya Calibri ukiifungua kwenye LibreOffice inaonyeshwa kwa Carlito, yenye upana ule ule wa herufi, kwa hiyo kurasa haziruki. Bado kwa barua ya kwenda ofisini namwambia aihifadhi PDF kabla ya kuituma. Aliniuliza kama haiwezi kuongea Kiswahili chote. Nikamsimulia kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. "Na mkaiacha?" Sikuwa na jibu zuri.

Sasa inawaka kabla hajamaliza kushika ufagio. Wiki ya kwanza alinipigia kila siku: kile cha kuongeza sauti kiko wapi, kwa nini inaomba neno la siri, nani kahamisha folda. Wiki ya tatu kimya. Nikapita kumsalimia nikakuta wanafunzi wawili wa chuo wamepanga foleni, mmoja kashika flashi kama kashika kifaranga kinachokufa. Ile hali ya folda zote kugeuka njia za mkato, na ukibonyeza hakuna kitu. Virusi vile vinaficha mafaili halisi na kuweka bandia, na vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux havipati pa kushika, na mafaili yaliyofichwa yanaonekana yamekaa pale pale.

Mama mdogo akaichukua, hakunitazama hata mimi. "Mwanangu, huko kwa binti yangu usichomeke, utatuambukiza. Lete hapa kwenye hii ya zamani. Kuokoa ni elfu moja, kuchapa mia mbili ukurasa."