Chakari na chaka? Futa hiyo aya, mkuu

Mkuu, kabla hujampelekea mhariri hiyo makala, futa aya inayosema "chakari" imetokana na mlevi kupotelea chakani. Futa kwanza, mengine tutaongea.

Hiyo hadithi naijua, mimi niliichapisha kabisa. Nilikuwa naandaa kijitabu cha maneno ya mitaani: tungi, ulabu, kupiga maji na wenzake. Jamaa mmoja kwenye kundi la WhatsApp, anajiita mwanaisimu, akanirushia ujumbe wa sauti mrefu, sauti nzito ya mtangazaji wa taarifa ya habari: mlevi akizidiwa anaingia chaka, chaka ikazaa chakari. Nikameza bila kutafuna. Kijitabu kikatoka mtamboni, nikampelekea mwalimu mstaafu wa Kiswahili nikitegemea pongezi. Akavua miwani, akauliza: "Na aliyelala fofofo, yeye kaingia wapi?"

Siku ile chaka lingenifaa mimi.

Nilipombana jamaa kaitoa wapi, akajibu "wazee wanasema", kisha akanitoa kwenye kundi. Wazee gani? Hajawataja mpaka leo. Mimi nikabaki nakata vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya ile sentensi, nakala baada ya nakala, kurasa zinagandana, gundi mpaka kwenye kucha. Nakala zilizokwisha kuuzwa ndiyo basi tena.

Sikiliza. Chakari ni kielezi kinachoandamana na kulewa, kama tii na weusi, pe na weupe, jii na kimya. Kazi yake kutia mkazo: mtu kalewa hajijui hajitambui. Bwii na tilalila nazo zimo humo humo. Unataka neno lenye ukoo? Chukua kulewa lenyewe: mlevi, ulevi, kileo, kulevya, hata kulewalewa kwa chombo kinachoyumba majini. Hapo sauti na maana zinafuatana, unaziona kwa macho. Chaka na chakari zimefanana mwanzo tu. Kwa hesabu hiyo, kangaja ni mtoto wa kanga.

Kwa hiyo asili ya neno ikikujia na kisa kitamu, dai maandishi. Mwulize aliyekupa: limeandikwa wapi kwa maana hiyo, na mwaka gani? Akianza na wazee, funga simu.

Na kama ni yule yule mwenye sauti nzito, mwambie gundi yangu hajailipa.